Sababu za Penitoa

Penitoa alipona, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Laiti angepona kimyakimya kama watu wengine, pasingekuwa na hadithi. Lakini nesi wa zahanati ana mdomo mpana. Siku ya kupima sukari, mbele ya benchi zima la wagonjwa wa Vaitoa, kijiji cha kisiwa cha Savai'i, aliushika mkono wa Penitoa akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda. "Mwoneni huyu! Mwaka jana nilikuwa nauwazia mguu wake kisu. Leo sukari imeshuka, presha imeshuka, tumbo nalo limeshuka. Muulizeni anafanya nini!"

Wakamuuliza. Penitoa akajibu kwamba hafanyi kitu. Jibu baya hilo, kwa sababu Vaitoa ni kijiji cha nyumba zisizo na kuta. Ukijikuna mgongo upande wa kanisani, upande wa shuleni wanajua palipokuwasha. Kila mtu aliona anachokula: magimbi, shelisheli, nyama ya kopo, na mbavu za kondoo zenye mafuta kila Jumapili, sawasawa na wao. Basi kilichobaki ni ile safari yake ya jioni.

Kila jioni, sala za nyumbani zikiisha na kengele ikipigwa kuruhusu watu kutoka tena nje, Penitoa alijifunga kikoi safi, akachukua dafu moja kila mkono, akatembea hadi mwisho wa kijiji. Penye ukuta mfupi wa mawe alikohoa. Aliyaweka madafu juu ya ukuta, akakaa kidogo kwenye jiwe lililokuwa ng'ambo ya barabara, kisha akaanza kurudi kinyumenyume. Alipofika kwenye kona ndipo alipogeuka na kutembea kama binadamu.

Ukuta ule ulikuwa wa Temukisa, mjane, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Sababu za mambo yote hayo zilikuwa nyepesi kabisa. Madafu, kwa kuwa mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Kikohozi, kwa kuwa mjane mwanamume kupiga hodi kwa mjane mwanamke gizani ni kujitafutia kesi, na kikohozi hakina kesi. Jiwe, kwa kuwa pale ndipo alipomwona vizuri Temukisa akitoka na taa, akachukua madafu na kusema, "Umefika, Penitoa?" Naye akajibu, "Nimefika." Na kinyumenyume, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuipa taa ile mgongo.

Alimpenda. Mwaka na zaidi alikuwa akienda, na neno lake halijawahi kuvuka lile "nimefika." Mtu aliyepanda minazi mirefu bila kamba alikuwa akishindwa na sentensi moja.

Jioni iliyofuata siku ya nesi, alimkuta jirani yake Uelese barabarani, mtu mpana kama mlango wa kanisa, na dafu kila mkono.

"Kaka, leo tunakwenda wote."

"Wapi?"

"Huko huko kwenye afya."

"Uelese, rudi nyumbani. Mvua inakuja."

"Mvua gani, na mbingu hii? Unataka upone peke yako, bwana? Huo ni uchoyo."

Walipofika ukutani Uelese alikohoa kwa bidii, akasubiri, akajishika kifua. "Mbona mimi nasikia njaa tu?" Temukisa alitoka na taa, akaona wanaume wawili na madafu manne. "Mmefika," alisema, akarudi ndani.

Mwezi haukuisha kabla kijiji kizima hakijaingia barabarani. Baraza la wazee nalo, lisije likaachwa nyuma na upepo, likatoa amri: kila mtu mzima atatembea mwendo wa Penitoa, na atakayegeuka kabla ya kona atalipa katoni ya samaki wa kopo. Vijana wakawekwa kwenye kona kulinda. Katoni zilizopatikana wazee walizila usiku ule ule, maana samaki wa kopo, kama ijulikanavyo, huoza upesi. Shemasi alianguka kinyumenyume kwenye shimo la magimbi, akasifiwa kwa juhudi. Ukatokea hata ugomvi wa dini: Wamethodisti walishikilia kukohoa kabla ya kuweka dafu, Wakatoliki baada ya kuweka. Na Penitoa, katikati ya umati huo, hakuiona tena taa. Ukuta ulikuwa umezikwa chini ya madafu.

Kisha ikaja habari kwamba ofisa wa afya atatoka mjini Apia kuja kuangalia maajabu ya Vaitoa. Baraza likaingiwa na baridi. Watu wakaitwa kwenye nyumba ya mikutano, kamati ya wanawake wakakaa upande wao, Temukisa akiwa miongoni mwao anasuka mkeka bila kuinua macho.

"Penitoa," alisema Mzee Taimasa, mkuu wa baraza. "Tunakohoa, tunaanguka mashimoni, lakini hatujui kwa nini. Mgeni akituuliza tutaumbuka. Tupe sababu."

Hapo ndipo angesema. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini macho ya kijiji kizima ni mzigo, na Penitoa akasema uongo.

"Madafu... ni ya misuli ya mikono. Kikohozi kinafukuza upepo mbaya kifuani. Jiwe lina ubaridi, unapanda kwenye uti wa mgongo. Na ukirudi kinyumenyume, sukari nayo inarudi nyuma."

"Aaa!" kijiji kikaitikia.

"Na kwa nini ni pale kwa Temukisa?" aliuliza Mzee Taimasa.

Penitoa alisema la kwanza lililomjia. "Pale pana mwinuko. Mzuri kwa visigino."

Mikono ya Temukisa ilisimama juu ya mkeka. Kisha ikaendelea kusuka, kwa nguvu zaidi.

Jioni ile dada yake Penitoa, Lagi, alimwekea sahani mbele kwa kishindo. "Mwinuko! Mwanamke mzima na heshima zake, umemwita mwinuko!"

"Lagi, walikuwa wananiangalia wote..."

"Basi sikiliza nikwambie. Binti yake aliyeko ng'ambo, Auckland, alimtumia tiketi ya ndege tangu Pasaka. Kila siku anasingizia magimbi hayajachimbwa. Leo ametuambia anaondoka Jumatatu, hatarudi. Nikamuuliza, na magimbi je? Akasema, watachimba wenye misuli ya mikono."

Penitoa aliisukuma sahani. Tusizungushe maneno: aliumia kama mtoto, akalala bila kula, mtu ambaye hata siku ya kuambiwa habari za mguu wake alimaliza chakula.

Ofisa wa afya, Bi Eseta, alifika Ijumaa, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya michezo. Kijiji kikamwonyesha. Wazee kwa vijana, wanene kwa wembamba, walikohoa kwa pamoja mpaka mbwa wakakimbilia ufukweni, kisha wote wakaja kinyumenyume wakikanyagana. Bi Eseta alishika kichwa. Walipokusanyika kwenye nyumba ya mikutano alisema, "Ninyi mnatembea, na hilo ndilo muhimu. Lakini haya mengine nataka kuyaelewa. Kama yana sababu, nitayapeleka vijiji vyote vya Savai'i."

Mzee Taimasa alimwelekezea Penitoa kidevu.

Penitoa alitazama upande wa wanawake. Temukisa hakuwa na mkeka leo. Mtu anayesafiri haanzi kusuka. Akaviwazia vijiji vyote vya Savai'i vikikohoa, na yeye mwenyewe Jumatatu jioni akiwa na madafu mawili na hana pa kuyapeleka. Akasimama.

"Nilidanganya. Madafu ni ya Temukisa. Nakohoa ili atoke. Nakaa kwenye jiwe nipate kumwona. Narudi kinyumenyume kwa sababu kumpa mgongo kunaniuma. Sukari imeshuka yenyewe, sikuituma. Nataka kumuoa. Ndiyo sababu, sina nyingine."

Upande wa wanawake, wake za watu wakaanza kujumlisha moja na moja. Wa kwanza kupata jibu alikuwa Fuatino, mke wa Uelese.

"Uelese! Kumbe mwezi mzima unampelekea Temukisa madafu na kumkoholea?"

"Mke wangu, ilikuwa afya!"

"Afya gani! Mimi hujawahi kunikoholea tangu unioe!"

"Afadhali wako," akadakia mke wa shemasi. "Wangu alikuwa anarudia mara ya pili, eti kifua chake ni kizito!"

Nyumba ikalipuka. Mzee Taimasa aligonga fimbo sakafuni, naye akiyakwepa macho ya mkewe, akatoa hukumu upesi kabla maswali hayajamfikia. Penitoa amelidanganya baraza, na amekifanya kijiji kizima kichumbie mjane mmoja. Faini ni nguruwe mkubwa, kesho asubuhi.

"Nguruwe atatoka nyumba gani?" aliuliza, kama desturi inavyotaka, kwani Vaitoa faini hailipwi na mkosaji, hulipwa na watu wa nyumba yake.

Lagi alianza kuinua mkono, shingo upande. Temukisa alikuwa amekwisha simama.

"Atatoka kwangu."

"Temukisa," alisema Mzee Taimasa kwa upole, "hukunielewa. Anayetoa nguruwe ni mtu wa nyumba ya mkosaji."

"Nimekuelewa, Mzee. Nimezaliwa hapa hapa."

Bi Eseta alimnong'oneza aliyekaa karibu naye, akiuliza kama hii nayo ni sehemu ya mazoezi. Temukisa aliinama akaufunga vizuri ukingo wa kikoi chake, akapita katikati ya wazee bila haraka, akasimama mbele ya Penitoa, ambaye alikuwa amekaa tena.

"Sasa umekaa nini?" alimwambia. "Nguruwe ni mkali, siwezi kumfunga peke yangu."