Upande wa Pili wa Mlango

Kitasa cha chumba namba nne kiligoma asubuhi, na aliyefungiwa ndani alikuwa mama mkwe wangu.

Hoteli yetu ni ndogo, imejificha katikati ya mikorosho ya Soga. Mimi ni meneja msaidizi: jambo likiharibika naitwa mimi, likitengemaa anashukuriwa meneja. Devotha, mke wangu, ndiye aliyemleta mama yake apumzike hapa, aione kazi yangu kwa macho yake. Tangu harusi, Mama Margareta alikuwa akilalamika kule kwake Mbwawa kwamba binti yake kaolewa na mtandika vitanda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mimi nilikuwa naugua.

Tena kwa desturi yetu sisi wafugaji tuliotoka Kanda ya Ziwa, mwanamume hatazamani na mama mkwe wake, sembuse kuingia chumbani mwake. Tulichowahi kuambiana ni shikamoo na marahaba, kwa mbali.

"Simoni!" Sauti yake ilitetemeka. "Nafia humu, baba."

Nilivuta kiti, nikakaa nikiupa mlango mgongo.

"Hufi, mama. Fundi Shabani yuko njiani, anatoka Mlandizi. Fungua dirisha upate hewa."

"Nimefungua. Moyo bado unanienda mbio."

Mgeni mwenye hofu huongeleshwa; hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini huyu ningemwambia nini?

"Yule ng'ombe wenu mwekundu, amezaa?"

Papo hapo nikajua nimeharibu.

"Amezaa ndama jike," akasema. "Kumbe ng'ombe unawajali! Sasa mbona uliwaacha?"

Nikamweleza jinsi ukame ulivyolimaliza zizi la baba, na jinsi nilivyokuja hapa kufyeka majani. Simulizi lilikuwa limefika siku niliyoambiwa nikapokee wageni, nami sina viatu, nikaazima vya mpishi. Hapo Shabani akatokea na bisibisi.

Mlango ulipofunguka, mimi nilikuwa nimeshajibanza jikoni, nafuta jasho na kumshukuru Mungu. Yuko salama. Lakini atakwenda kusema nini Mbwawa?

Baada ya chakula cha mchana, nikiwa ofisini, nilimwona akibeba kiti. Alikiweka barazani, nje ya mlango wa ofisi yangu, akaketi akiitazama mikorosho.

"Mkwe," akaita bila kugeuka. "Vile viatu, vilikutosha?"

Kifua kilinifunguka, nikawa mwepesi kama niliyetua gunia. Nikageuza kiti changu, nami nikampa mgongo.

"Vilinibana, mama," nikaanza, na kicheko chake kikanifikia kabla sijamaliza.