Shemeji wa Mwanawe

Lori lilikuwa limeshauacha mto na kuanza kupanda barabara ya mawe kuelekea malisho ya kiangazi, na Ayimkan alikuwa bado hajasema alichokuja kusema. Alikaa nyuma juu ya marundo ya sufu ya hema, mgongo kauegemeza kwenye nguzo zilizofungwa kamba, mguu mmoja kaukandamiza kwenye sufuria kubwa isije ikaruka. Mbele, karibu na dereva, alikaa mama mkwe wake, Sonunbubu. Mapajani mwa Sonunbubu alikaa Nurdan, mtoto wa miaka mitano, anapigapiga kioo cha nyuma kwa kiganja.

"Shemeji! Shemeji, shika kitambaa, upepo utakiiba!"

Ayimkan akashika kitambaa chake cha kichwa, akacheka. Mtoto yule, aliyemzaa ni yeye.

Wala haikuwa siri. Huko kwao Naryn, milimani kwa wafugaji wa farasi, mzaliwa wa kwanza ni wa bibi na babu. Akiacha ziwa hupelekwa kwao, bibi humwita mama, na baba yake mzazi humwita kaka. Aliyemzaa, kwa hesabu hiyo, ni mke wa kaka. Hata Ayimkan hakuona ubaya wakati ule. Baba mkwe alikuwa ametoka kuzikwa, nyumba imepoa, na mumewe Mederbek anakwenda Urusi kujenga maghorofa ya watu. Mtoto akapelekwa kwa bibi yake na kila mtu akashusha pumzi. Ayimkan akaenda mjini Bishkek, matiti kayafunga kitambaa, akajifunza kukata.

Kwenye karakana ya kushona ya Raya, vitambaa hutandazwa mezani tabaka juu ya tabaka mpaka vikawe kama godoro. Kisha mtu mmoja hupitisha kisu cha umeme kufuata alama za chaki. Mkono ukitetereka hapo huharibu nguo za rundo zima. Wa Ayimkan haukutetereka. Raya alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake, anamtazama tu, anasema, "Mkono huu hauna woga." Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumsifu kwa kitu kisichokuwa chai.

Sasa Raya alikuwa anafungua chumba cha pili na anamtaka awe mkuu wa wakataji. Na sasa kulikuwa na tumbo, la tangu Mederbek alipokuja likizo.

"Mdogo wangu, mimi si mtu mbaya," Raya alimwambia. "Zaa, mpeleke mtoto kwa mama mkwe kama yule wa kwanza, urudi. Au kaa nyumbani ulee. Ila usinisimamishe mlangoni kama bwana harusi aliyesahaulika. Majani yakipukutika nataka jibu."

Njia zilikuwa hizo mbili. Ayimkan alikuwa amezizungusha kichwani mpaka zikamchosha, na huko juu ya lori, vumbi likimwingia mdomoni, aliichagua ya pili. Angekiacha kisu. Huyu angemlea mwenyewe, amwite mama.

Alisema walipokwisha kusimamisha hema. Sonunbubu alikuwa anapiga maziwa ya farasi kwenye kiriba, mchi unapanda na kushuka.

"Mama, nina mzigo."

"Nimeuona tangu ulipoteremka kwenye gari. Unatembea kama bata. Unatua lini?"

"Kabla ya theluji."

"Vizuri. Nitakuja mwenyewe kumchukua. Nurdan analia kila siku anataka mdogo wake."

"Huyu sitaki achukuliwe, Mama. Nataka nije naye. Niache kazi, nikae nyumbani nimlee."

Mchi ukasimama. "Uache mji?"

"Niache."

"Na ule wimbo wako wa 'nimebanwa Mama, msimu huu nimebanwa' tutausikia wapi?"

"Umekwisha huo."

Sonunbubu akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Basi karibu. Chai yako imeshakuwa ya mjini, maji yaliyotishwa na majani, lakini utajifunza upya." Akaushika mchi tena. "Ila neno moja, mwanangu. Nurdan ni wangu. Usije ukachanganya mambo."

"Sitachanganya, Mama."

Akakaa. Alikamua farasi, akaanika mabonge ya maziwa ya mgando juani, akakaanga maandazi, akaokota mavi makavu ya kuwashia moto. Kazi haikumshinda. Kilichomshinda ni lile neno. Kila Nurdan alipoita "Mama!" huko nje, shingo yake iligeuka yenyewe, na kila mara aliyeitika alikuwa mwingine.

Zuura, jirani wa hema la pili, aliliona. Huyo kitu hakikumpita na mdomo haukumlala.

"Shingo yako ina nini wewe? Umelalia jiwe?"

"Nzi."

"Nzi! Mimi pia ninao wanne, na wote wananiita wakati mmoja. Nikuazime?"

Wakacheka, na Ayimkan akainama haraka kwenye ndoo yake.

Mtandao ulipatikana juu ya kilima tu. Akapanda, akampigia Mederbek. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo wa mashine ya zege.

"Umekaa vizuri na mama?"

"Vizuri."

"Basi kaa. Au ukitaka rudi mjini. Mnajua wenyewe wanawake."

"Wewe unataka nini?"

"Mimi nataka mpatane. Nurdan anakula?"

"Anakula. Anakuulizia, kaka yake."

Mederbek akasema wanamwita, akakata. Ayimkan alibaki na simu mkononi. Bonde lote lilikuwa chini yake, mahema kama vibakuli vilivyofunikwa, moshi unapanda wima, na kote huko hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumweleza jambo hili mpaka mwisho.

Siku ile iliyoharibu mambo ilianza kama nyingine. Farasi walikuwa wanakamuliwa kando ya kamba ndefu wanapofungwa watoto wao. Nurdan alikuwa anakimbia huku na huku na fimbo. Jike mmoja akashtuka, akakata kamba, akampiga kwa bega. Mtoto akaanguka kifudifudi kwenye mawe. Alipoinuka mdomo wote ulikuwa damu, na kwa kitambo hakutoa sauti, kabaki kaachama tu.

Ayimkan ndiye aliyekuwa karibu. Alitupa ndoo, akapiga magoti, akafungua mikono.

"Njoo kwa mama! Njoo, mwanangu, njoo kwa mama!"

Nurdan alimtazama. Kisha kilio kikamtoka, akaanza kukimbia, na alipomfikia akampita ubavuni kama mtu anavyopita jiwe la njiani, akaenda juu hemani, kwa Sonunbubu aliyekuwa anashuka mbiombio na kiatu kimoja.

Wanawake wote walikuwa wamesikia. Maziwa yalikuwa yanazama kwenye nyasi. Zuura akaiokota ile ndoo, akaifuta kwa aproni yake, akamwekea mbele.

Jioni Nurdan alilala, mdomo umevimba. Ayimkan alikuwa anangoja kugombezwa, angefurahi kama angegombezwa. Sonunbubu alimimina chai, akampa, akakaa upande wa pili wa jiko.

"Toktosun unamjua," alisema.

Toktosun alikuwa shemeji yake Ayimkan, kaka mkubwa wa Mederbek, mtu mzima mwenye mvi, anaishi mji wa pili.

"Namjua, Mama."

"Ndiye wangu wa kwanza. Alilelewa na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Mpaka leo ananiita shemeji. Alipovunjika mkono utotoni alinipita hivyohivyo. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope." Akanywa. "Basi nilipoletewa Nurdan nikasema, haya, leo nimelipwa."

Ayimkan alikizungusha kikombe chake. "Na mimi, Mama, nitalipwa na nani?"

"Na wa kwanza wa Nurdan, mimi nikiwa kaburini. Na nani mwingine?"

Alilisema kwa upole, kama anamwonyesha mtu njia ya kisimani. Na Ayimkan akamwona huyo mke wa Nurdan, msichana asiyemjua, ambaye labda hajazaliwa bado, anakuja na kichanga chake kukiweka mapajani mwake. Akajiona anakipokea. Akaona miaka yote ya katikati, yeye akiwa hapa anazoea, shingo inageuka, inageuka, mpaka siku moja iache.

"Gari la maziwa likija kesho nitateremka nalo," alisema.

"Mtoto utamleta?"

"Hapana."

"Utakuwa unakata na mtoto mgongoni? Utamlea na nani?"

"Sijui, Mama."

"Hapa una watu. Kule una meza."

"Najua."

Sonunbubu akamvutia Nurdan blanketi mpaka mabegani. "Hata ungekuwa umenitukana," alisema, "ningekuelewa zaidi."

Asubuhi alimpa mfuko wa mabonge ya maziwa makavu. Dua ya safari, ile ya kufungua viganja na kuvipitisha usoni, hakumwombea. Mikono ilibaki ndani ya aproni. Nurdan alikuja mpaka kwenye gari.

"Shemeji, ukirudi niletee gari la betri. Jekundu."

"Nitaleta."

Hakugeuka nyuma. Alijua akigeuka angeteremka.

Ayimkan alizaa mtoto wa kike theluji ilipoanza, akamwita Begimai. Ukuu wa wakataji ulikuwa umeshapewa mwingine. Raya alimrudisha kama mkataji wa kawaida, na mtoto alilala chumba cha pili kwenye rundo la mabaki ya vitambaa, washonaji wakimtazama kwa zamu. Mederbek alikuja mara moja kumwona binti yake, akarudi Urusi, na baadaye akaacha kupiga simu. Sonunbubu alipanda malishoni miaka mingine mingi, kisha akafa kwa ugonjwa wa mapafu majira ya mvua, akiwa nyumbani. Nurdan alirithi nyumba na farasi, akaoa. Anamheshimu Ayimkan, humpigia sikukuu, na humwita shemeji. Begimai anasomea upimaji ardhi. Zuura aliuza farasi wake na kufungua duka la sabuni na betri barabarani.