Kengele ya Watu wa Bima

Nyumba tuliyohamia Gaborone ilikuwa na ukuta mrefu, lango la umeme, na kengele. Aliyetuuzia aliisifia kengele kuliko hata bomba la maji ya moto: mgeni anabonyeza kitufe nje, sauti inalia jikoni, nawe unamuuliza yeye ni nani bila kunyanyuka kitini. Siku ya kwanza mume wangu Modise alitoka nje akaibonyeza, mimi nikamjibu kutoka jikoni, "Wewe nani?" Akasema, "Mwenye nyumba." Tukacheka kama watoto. Sisi tulitoka Maun, ambako lango letu lilikuwa matawi ya miiba na mgeni tulimjua kwa kubweka kwa mbwa.

Basi tukakaa tukisubiri majirani. Kwetu mtu akihamia, hajafungua hata mizigo, wanawake wameshafika na bakuli la uji wa mtama, wanamuuliza ni wa ukoo gani na kwa nini ameondoka kwao. Nikafua vitambaa vya viti. Nikanunua vikombe vyenye maua. Kengele haikulia. Mwezi ukapita, baridi ikaja ikaondoka, na walioibonyeza walikuwa vijana wa bima tu, na mwanamke mmoja muuza dawa ya kupunguza tumbo, ambaye alinitazama nilipotoka akasema leo amefika penyewe.

"Hawa watu wa mjini wanajisikia," nilimwambia Modise.

Modise hagombani hata na nzi. Akasema, "Labda wana kazi nyingi, MmaSethunya," akiniita kwa jina la binti yetu.

"Kazi ya kukaa nje wakicheka? Mbona nawasikia?"

Nilikuwa nawasikia kweli. Ng'ambo ya barabara, nyumbani kwa MmaTiro, hakukuwa na ukuta, ni ua wa waya tu, na chini ya turubai la kuwekea gari wanawake wa mtaa walikusanyika wakichambua maharage na kuchambua watu. Mimi na Modise tuliingia na kutoka kwa gari, vioo juu kwa sababu ya vumbi. Kila nikiinua mkono kuwapungia, lango lilikuwa limeshajifunga nyuma yangu. Nikaacha kuinua mkono.

Mambo yakawa hivyo mpaka mtoto wetu wa pekee, Sethunya, alipopata mchumba. Kijana anaitwa Oarabile, watu wake ni wa Molepolole, nao wakatuma ujumbe kwamba watakuja Jumamosi alfajiri kuposa.

Siku ya posa, kwetu, mama mzazi hana mdomo. Hasemi wala hakai na wageni. Wanaosema ni mashangazi na wanawake walioolewa, wamejifunika mablanketi ya miraba yaliyobanwa kifuani kwa pini kubwa, wamekaa chini wamenyoosha miguu. Wanawake wa upande wa mwanamume wanaingia kwa mstari na kuwakuta wenzao wakiwangoja. Wakikuta uwanja mtupu hawamtukani mtu. Wanageuka, wanaondoka, na huko kwao watasema binti yule hana watu. Ndoa ya namna hiyo hata ikifungwa, mke anaingia ameinamisha kichwa, na kila akikosana na mawifi atakumbushwa kwamba aliokotwa. Niliyajua hayo. Mama mdogo wangu aliishi nayo mpaka akafa.

Wanaume tulikuwa nao. Kaka yangu Kelapile alikuwa ameshafika, na nduguze Modise pia. Wanawake wote walikuwa kwenye basi moja kutoka Maun, na Ijumaa mchana Shangazi Gaolape akanipigia simu.

"Basi limekufa," akasema.

"Limekufia wapi?"

"Nata. Dereva yuko chini ya gari, inaonekana miguu tu. Na hiyo miguu yenyewe naiona haina matumaini."

"Mtafika lini, shangazi?"

"Kesho mchana. Mungu akipenda, na dereva akipenda."

Nikakaa kwenye sakafu ya jikoni. Modise akaja akasimama mlangoni, akasema tuwaombe watu wa Molepolole wasogeze siku.

"Tulishasogeza mama yako alipolazwa," nikamwambia. "Mara ya pili ni kusema hapana kwa adabu."

"Basi nenda kwa majirani."

"Majirani gani?"

"Si hao wanaocheka?"

"Niende kuazima wanawake kama mtu anayeazima chumvi? Kwa watu ambao hawajawahi kuniambia hata karibu?"

Modise akasema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, MmaSethunya. Na nyoka anafika kesho alfajiri."

Kama aibu ingekuwa yangu peke yangu ningeimeza. Hii ilikuwa ya mtoto. Nikajifunga kilemba, nikavuka barabara.

Langoni kwa MmaTiro nilitafuta kengele. Hakuna. Nikapapasa nguzo ya kulia, nikapapasa ya kushoto, kama mwizi. Mwisho nikafanya nilivyofunzwa utotoni, nikapiga hodi kwa mdomo. "Ko ko," nikaita.

Wanawake chini ya turubai wakaacha maharage, wakanigeukia wote. MmaTiro akainuka taratibu. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio mbali.

"Kumbe anajua," akawaambia wenzake, si mimi.

"Najua nini, mama?"

"Kusema ko ko. Sisi tulidhani huko kwenu watu wanaingia kwa kuruka ukuta."

"Mama, sikuja kwa ugomvi."

"Nani kasema ugomvi? Mimi nasema koo." Akajishika shingo. "Wiki ile ile mliyohamia nilisimama langoni kwako na bakuli la maziwa ya mgando. Ko ko. Kimya. Ko ko. Kimya. Na taa ya jikoni naiona inawaka."

"Sikukusikia hata kidogo."

"Nikarudi tena na huyu MmaLesedi. Yeye ni wa kwaya. Akaita ko ko kwa sauti ya juu, akaita kwa sauti ya chini. Kimya. Tukasema basi, hawa ni watu wakubwa, wasisumbuliwe. Maziwa tukayanywa wenyewe."

"Yalikuwa matamu," akasema MmaLesedi.

"Lakini kengele si ipo pale langoni? Hamkuiona?"

"Tuliiona. Sasa mimi mtu mzima nikubonyeze wewe mtu mzima mwenzangu, kama naita mhudumu hotelini? Kengele ile ni ya watu wa bima."

Hadi leo nasema kengele ile ilikuwa kubwa, na kidole kimoja hakimvunjii mtu heshima. Lakini pale nilimwona MmaTiro amesimama nje ya ukuta wangu na bakuli mkononi, anaita kwa adabu yote aliyofunzwa na mama yake, na mimi niko ndani, nimevaa vizuri, nasikiliza kitufe. Nikaanza kucheka. Kicheko kikafika katikati kikageuka, nikajikuta nawaeleza yote huku nafuta macho: basi, Nata, miguu ya dereva, Molepolole, alfajiri.

MmaTiro hakusema ndiyo wala hapana. "Chai ya wageni anapika nani?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe, mama mzazi, uonekane na birika? Unataka kutuaibisha?"

Nililisikia lile "tu" katikati ya neno, nikalishika kwa mikono miwili. Yeye alikuwa ameshawageukia wenzake.

"Walioolewa, mikono juu. Wewe Kgomotso, shusha huo mkono, wa kuahidiwa ndoa hahesabiwi. Utakaa jikoni na maandazi."

"Kila posa mimi na mafuta," akanung'unika Kgomotso.

"Dawa yake unaijua. Olewa."

Jioni ile Modise alizima umeme wa lango, akalisukuma kwa bega mpaka mwisho na kuweka tofali lisirudi. Sikulala usingizi wa maana. Watu huahidi mchana, na baridi ya alfajiri ni jambo jingine. Niliwaza labda watakuja wawili, labda watatu, nitawapanga wakae mbalimbali waonekane wengi.

Mbingu ilipoanza kupauka niliona mablanketi yanavuka barabara. Yalikuja kwa mstari, kimya, miraba ya buluu na ya kahawia, pini zinameta. Wa kwanza MmaTiro, nyuma yake MmaLesedi, na nyuma yao wanawake ambao sijapata kuwaona, wa mtaa wa pili na wa tatu, bibi mmoja akishikwa mkono kwa sababu ya magoti. Wakakaa chini uwanjani kwangu wakajaza mkeka, wengine wakakaa kwenye sementi yenye baridi, wakanyoosha miguu kana kwamba ni kwao. Mimi nikasukumwa jikoni na dirisha likaachwa wazi nisikie.

Wageni wakaingia. Msemaji wao alikuwa bibi mwembamba, mwenye macho makali. Wakakaa, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua na za mifugo. Kisha bibi akakohoa.

"Tumekuja kuomba kibuyu cha kuchotea maji," akasema, maana siku ya posa binti hatajwi kwa jina.

"Vibuyu vimejaa sokoni," MmaTiro akajibu. "Nini kimewaamsha usiku?"

"Tunataka cha nyumba hii."

"Cha nyumba hii hakikai dirishani, mama. Mmekionea wapi?"

Wakacheka kidogo pande zote mbili. Nikaanza kupumua. Ndipo yule bibi akainua kidole.

"Kabla hatujaendelea. Tuliambiwa watu wa nyumba hii ni wageni wa mji, wanatoka kaskazini. Ninyi mnaongea kama watu wa hapa hapa. Tusameheane, lakini ninyi ni nani wa huyu mtoto?"

Kgomotso aliacha kugeuza maandazi. Mimi nilishika ukingo wa sinki. Angeweza kudanganya, na sikujua ninaogopa zaidi lipi, adanganye au asidanganye.

"Shangazi zake wako njiani, basi limewafia Nata," MmaTiro akasema. "Sitakudanganya, mama. Mimi ni wa nyumba ya mbele. Na wazazi wake, hadi jana mchana, sikuwa nimezungumza nao."

MmaTiro akabana upya pini ya blanketi lake.

"Lakini mtoto namjua. Kila asubuhi anapita kwangu kwa miguu akienda zahanati kazini. Hajawahi kupita kimya. Anasimama, anainama, ananiuliza mguu wangu umelalaje, na anangoja jibu. Siku moja mvua ilinikuta nimetoka, nguo ziko kwenye kamba. Niliporudi nilizikuta barazani zimekunjwa, hata soksi. Nikauliza, nikaambiwa ni yeye, na kesho yake alipita hakuitaja habari hiyo. Mimi nilikuwa nimewakasirikia wazazi wake, na nilijizuia kumwonyesha, maana huyu hakustahili. Shangazi zake wanamjua kwa damu. Mimi nimemjua kwa kumtazama wakati hajui anatazamwa. Kama mnamtaka shahidi aliye bora kuliko mimi, katafuteni, sisi tutawatunzia chai."

Yule bibi wa Molepolole alimwangalia muda mrefu. Kisha akawageukia wenzake, akawageukia tena kina MmaTiro.

"Tulikuja tunakitaka kibuyu," akasema. "Sasa hatutoki bila kibuyu."

Vigelegele vikapanda. Mimi nilijifunika uso kwa aproni nikalia kwa sauti, sikujali. Mwaka mzima nimekaa nyuma ya ukuta nikiamini hatujulikani, kumbe mtoto wangu anajulikana mpaka kwa soksi alizokunja, na aliyemjua amevumilia baridi ya sementi kuja kumsemea. Sijui mtu hushukuru vipi jambo kama hilo. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru MmaTiro, nikamshukuru hata yule dereva.

"Mama," akasema Kgomotso, "usilie kwenye unga."

Mashangazi walifika mchana, wamejaa vumbi, mablanketi yamekunjamana. Walikuta wageni wameshaondoka na kikundi cha wanawake wasiowajua kinakula nyama ya kupondwa. Shangazi Gaolape akasimama akitafuta pa kukasirikia. MmaTiro akajivuta pembeni, akapigapiga mkeka.

"Kaa, dada. Nilikuwa nakupashia mkeka moto tu."

Majirani walipokuwa wanaondoka nilimfuata MmaTiro, nikamshika mikono, nikaanza hotuba niliyoiandaa jikoni. Hakuniacha nifike mbali.

"Jumamosi tunamvua dada wa MmaLesedi nguo za msiba," akasema. "Kuna gunia zima la viazi. Uje na kisu chako, na kiwe kikali. Vya kwetu vimechoka."

"Nitakuja, mama. Lakini nilitaka kusema asante."

"Utaisema ukimenya."

Jumatatu, nilipokuwa kwenye ngazi ya nyuma na jiwe la kunolea, Modise alitoka na kikombe chake akauliza ni kisu gani kinanolewa Jumatatu kwa viazi vya Jumamosi. Nikamwambia aninyamazie, mimi nina watu wananingoja.