Nyumba ya Vyumba Vitatu Ndani ya Gemu

Nyumba ya mama yao ilibomolewa Jumanne kupisha barabara, na seremala hakumwambia mdogo wake mpaka Ijumaa. Hilo ndilo kosa lake, na wala hakulifanya kwa kupitiwa. Notisi alikuwa nayo mwezi mzima, imekunjwa mara nne, inalala mfukoni pamoja na penseli yake ya kupigia mistari. Lakini mdogo wake alikuwa mji mwingine, figo zimegoma, siku tatu kila wiki anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na seremala akajiambia kwamba mgonjwa haongezewi mzigo. Watu wazima tuna maneno mazuri ya kufunikia uoga. Aliogopa kumsikia akilia, basi.

Alipompigia siku ile ya Ijumaa, mdogo wake hakulia. Alisema, "Ungeniambia, kaka, ningekuja hata kwa kubebwa. Nilitaka kuiona tu."

Tangu utotoni seremala alimwita mdogo wake Sisimizi, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hatulii mahali. Sasa ugonjwa ulikuwa umemtuliza kwa nguvu. Aliacha kazi yake ya ukarani wa masjala, akabaki nyumbani na mumewe, na katika kutafuta cha kupotezea muda akaangukia gemu ya kompyuta. Ilikuwa gemu ya kujenga: unapewa uwanda, mto na miti, unakata, unapanga, unainua kuta. Dunia yenyewe ilikaa ndani ya kompyuta yake Sisimizi. Akiifungua, wengine wanaweza kuingia kutoka kwao na kucheza naye. Akiifunga, wote wako nje. Alimwomba kaka yake awe anaingia saa kumi na moja jioni, wacheze huku wanaongea. Seremala, aliyekuwa na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na binti yake alipoolewa, angewezaje kukataa? Hata angemwambia aingie ndani ya chungu, angeingia.

Mwezi wa kwanza alicheza kwa kulipa deni la moyo. Mwezi wa pili akaanza kuona dosari. Nyumba za gemu ile zote zilifanana, mawe na paa, na milango yake ilimkera kitaaluma. Hapo ndipo wazo lilipomjia, nalo likamng'ang'ania: ainue nyumba ya mama humo ndani, vyumba vitatu kama vilivyokuwa, ili Sisimizi aingie aione. Madaktari walishaanza kuzungumza na mumewe pembeni, kwa hiyo muda haukuwa mwingi.

Karakana yake ilipakana ukuta kwa ukuta na duka la fotokopi. Mwenye duka, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikuwa mchezaji wa gemu wa siri. Mteja akiingia anapunguza dirisha la gemu kwenye kompyuta, mteja akitoka analifungua. Seremala alimweleza shida yake.

"Hiyo unataka modi," mama wa fotokopi alisema. "Nyongeza. Watu wanatengeneza vitu vyao wenyewe wanavichomeka kwenye gemu. Ila usivamie, mzee wangu. Kwanza ujue gemu yako ni toleo la ngapi, halafu utafute modi ya toleo hilohilo. Na uhifadhi nakala ya dunia yako kabla hujagusa kitu."

"Mimi fundi," seremala akajibu. "Nimeshafunga makabati yaliyoandikwa maelekezo kwa lugha nisizozijua."

"Haya, fundi."

Modi ya kwanza ilikuwa ya toleo jingine, na gemu ikagoma hata kufunguka. Ya pili ilileta viti, vitanda na milango mizuri kweli, lakini alipojaribu kuingia kwenye dunia ya Sisimizi akakutana na maandishi mekundu: orodha za modi hazilingani, huwezi kuingia. Siku tatu alikaa nje. Siku ya tatu Sisimizi alimpigia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza. "Kaka, kuna kitu kingine unanificha?" Seremala alijisikia vibaya kiasi cha kuiondoa modi ile saa ileile, hakumaliza hata chai.

Ya tatu ilikuwa ya namna nyingine. Haikuongeza kitu kipya. Ilichukua makreti ya kawaida ya gemu, yale masanduku ya mbao, na kukuruhusu uyachoree sura unayotaka. Unachonga mlango wako, unaupachika kwenye kreti, na kila ukiweka kreti hilo unaona mlango, na ukilisukuma upite unaona mlango umefunguka. Aliiweka, akajaribu kuingia kwa Sisimizi, na akaingia bila kuulizwa. Furaha ilimpeleka duka la jirani mbio, vumbi la mbao likimdondoka begani.

"Hii imekubali!"

"Eeh, hiyo lazima ikubali," mama wa fotokopi alisema, "kwa sababu hiyo ni ya..." Mteja akaweka rundo la fomu kwenye kaunta, nakala thelathini kila moja, mbele na nyuma. Alipoinua kichwa kumalizia, seremala alikuwa ameshaondoka. Kuuliza si ujinga, lakini yeye hakuona cha kuuliza. Kwa miaka thelathini na tano, mlango aliouweka kwenye nyumba ya mtu uliwekwa. Kila apitaye aliuona, na hakuna mgeni aliyetakiwa kuja na mlango wake kutoka kwao.

Alichonga kwa wiki saba. Mlango wa mbele peke yake ulimla siku tisa, kwa sababu bawaba ya juu ya mlango ule ilivunjika zamani na baba yao akaikazia na kipande cha ngozi ya mkanda, na seremala hakukubali kuuacha bila ngozi. Alichonga kabati la vyombo lenye mguu mmoja mfupi, meza ya kulia, benchi la barazani, na kitanda cha mama chenye kichwa cha mbao nyekundu. Kazi za wateja zilichelewa. Mwalimu mmoja aliyeagiza rafu alikuja mara nne, mara ya nne akamkuta fundi amekodolea kompyuta, akaondoka zake.

Siku alipomaliza, aliyapanga makreti katikati ya uwanda Sisimizi akiwa kule mtoni, akampigia, akaweka simu kwenye spika. Kwenye kioo chake alikiona kikaragosi cha mdogo wake, kilichovaa kofia ya njano, kikija kutoka mtoni mpaka mbele ya nyumba. Kikasimama.

"Haya," seremala alisema. "Unaonaje?"

"Kaka, haya ma..." Sisimizi alianza.

"Usiseme kitu kwanza. Ni nyumba ya mama. Nimeichonga yote, mlango tu siku tisa. Angalia bawaba ya juu."

Seremala alisikia mashine fulani ikilia taratibu nyumbani kwa mdogo wake, au labda ni friji.

"Naiona," Sisimizi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umeweka mpaka ile ngozi ya mkanda wa baba."

Seremala alicheka mpaka machozi. Hakuwa amemtajia ngozi. Kama alikuwa na chembe ya shaka, ilikufa hapo. Alimwongoza chumba kwa chumba, na Sisimizi akawa anaitikia, anauliza, anatania. Mara moja kikaragosi chenye kofia ya njano kilipanda juu ya meza ya kulia na kutembea juu yake.

"Wewe, unakanyaga meza ya mama!"

"Si nilizoea," Sisimizi akajibu. "Halafu kaka, ile alama ya pasi kwenye fremu ya dirisha hukuweka."

Kweli, alikuwa ameisahau. Aliichonga jioni ileile.

Walikwenda hivyo karibu miezi miwili, kila jioni ambayo Sisimizi alikuwa na nguvu. Alipenda kusimama humo huku akimhadithia kaka yake mambo ya zamani, mengine seremala alikuwa ameyasahau kabisa: mama alivyokuwa akiimba kwa kukosea maneno, mvua ilivyokuwa ikivuja sehemu moja tu, juu ya kitanda cha wavulana. Siku moja, sauti ikiwa imefifia, alisema, "Kaka, sasa nimeiona. Ile habari ya Ijumaa iache. Usije ukaibeba." Usiku huo seremala alilala kama mtoto, mara ya kwanza tangu tingatinga lipite.

Sisimizi alifariki wiki mbili baadaye, asubuhi, kwenye kiti cha mashine.

Dunia ile ikafungika naye, maana ilikaa kwenye kompyuta yake. Seremala alivumilia mwezi mmoja. Halafu akampigia shemeji yake, mwalimu wa udereva, mtu wa maneno machache, akamwomba kompyuta ile kwa siku moja. Alitaka kukaa kwenye nyumba ya mama kidogo, mahali walipokaa wote wawili. Shemeji hakuuliza. Aliileta mwenyewe, ameifunga kwenye shuka.

Waliifungulia karakanani, juu ya benchi la randa. Gemu ikafunguka, dunia ikajitokeza: mto, miti, uwanda. Katikati ya uwanda palikuwa na makreti.

Makreti matupu ya mbao, yote sawasawa, yamepangwa juu ya mengine bila mpango wa maana. Hakuna mlango. Hakuna kitanda. Seremala aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akadhani ameingia dunia nyingine. Akadhani kompyuta imeharibika njiani. Akaenda kumwita mama wa fotokopi, naye akaja, akavaa miwani, akafungua folda moja baada ya nyingine.

"Hapa hakuna modi yoyote," alisema.

"Imefutika?"

"Haijawahi kuwekwa." Alimgeukia polepole. "Mzee wangu, ile ni ya upande wako tu. Inabadilisha unachokiona wewe. Ndiyo maana ilikuruhusu kuingia, kwa sababu dunia ya mdogo wako haikujua kama unayo. Ili na yeye aone, ilibidi umpe na yeye. Nilijua umempa."

"Lakini aliona," seremala alisema. "Aliniambia ameona. Aliitaja ngozi."

Aliyejibu ni shemeji, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Mimi nilikuwa nakaa pembeni yake. Siku ya kwanza nilimwuliza, mbona kaka yako anakusifia maboksi? Akafunika simu kwa mkono. Akaniambia, nyamaza, kaka amenijengea nyumba. Nikamwambia basi mwulize, labda kuna kitu hatujakiweka. Akasema akiuliza utajua kwamba haoni, na ukijua utaumia tena. Ukianza kumtembeza alikuwa anafumba macho. Nilikuwa nadhani anasinzia."

Seremala alikaa kwenye kigogo cha kupasulia. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikapata kipande cha mbao, ikakiacha. Ile bawaba, ile alama ya pasi, ule mvujo juu ya kitanda, Sisimizi alikuwa akivisoma kichwani mwake mwenyewe, akimlisha kaka yake aliyedhani anamlisha yeye. Na yeye, seremala, alilala usingizi mzuri. Hilo lilimchoma kuliko yote, kwamba alilala.

"Inachukua muda gani?" aliuliza. "Kuiweka kwenye hii."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mama wa fotokopi alikwenda kuchukua nakala kwenye kompyuta ya seremala, akarudi, akaipakia, akaizima gemu na kuiwasha. Seremala alikuwa akiangalia saa ya ukutani bila kukusudia. Dakika nne. Kwa dakika nne, Sisimizi angeona.

Nyumba ikasimama katikati ya uwanda, na jua la gemu likipiga kwenye mlango. Shemeji alisogea. Alikuwa hajawahi kuiona nyumba ile tangu walipooana, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ndivyo ilivyokuwa."

Kikaragosi chenye kofia ya njano kilikuwa pale mwenye nacho alipokiacha mara ya mwisho. Jioni ile ya mwisho, kikaragosi cha kaka yake kikiwa barazani, Sisimizi alikuwa amemwambia, niko chumbani kwa mama, nimekaa kitandani, pamepoa. Kikaragosi kilikuwa nje. Kilikuwa nyuma ya nyumba, kimesimama juani, uso umeelekea ukutani.

Mama wa fotokopi alivua miwani na kurudi dukani kwake taratibu. Seremala alivuta kompyuta karibu. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kibodi ile ndogo, na macho hayakuona vizuri, kwa hiyo alikigonga kikaragosi kwenye ukuta mara mbili kabla hajakigeuza. Akakizungusha pembeni ya nyumba, akakipitisha barazani, akaufungua mlango.

"Pita, Sisimizi," alisema. "Pita ndani, mdogo wangu. Ndiyo hii."