Togwa ya Siku ya Mechi

Kasimiri alimwona kwa macho yake. Loth, mshambuliaji wake, alizunguka nyuma ya goli, akamwaga togwa yote kwenye majani, kisha akarudi anapangusa mdomo kama mtu aliyeshiba. Togwa hiyo ya ulezi Kasimiri ndiye aliyempa muda si mrefu, apate nguvu ya kuwakabili Matai. Mchezaji anayemwaga kinywaji cha kocha wake ana lake jambo.

Na jambo lenyewe alidhani analijua. Tangu soko huria liingie na Ushirika ushindwe kuihudumia timu, mwenye timu alikuwa Basil, tajiri wa malori ya mahindi. Basil alishasema wazi kwamba wakifungwa na Matai atatafuta kocha mwingine. Halafu juzi Loth akaonekana amekaa mbele kwenye lori la Basil, wanacheka. Wanacheka nini?

Ukocha ndio uliokuwa umembakia Kasimiri. Enzi zake alivaa namba tisa, mabeki wakimwogopa kuanzia Sumbawanga mpaka Kasanga, hadi goti lilipovunjika siku moja huko huko Matai. Aliyelivunja alimjua, na wala hakuwa beki. Alikuwa Mwalimu Zenon, kocha wao wa wakati ule, aliyempa togwa kabla ya mechi bila kuionja. Ufipa mtu akikupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu wala uchawi. Zenon hakuonja, na Kasimiri akaona haya kumkatalia mkubwa, akanywa. Tangu siku hiyo hakumpa tena hata shikamoo.

"Loth, kaa benchi," alisema.

Wakafungwa moja bila, bao la kizembe kabisa. Basil alimpitia Kasimiri pale pale uwanjani, akamwambia asihangaike kuja mazoezini kesho.

Kasimiri akamvaa Loth. "Haya, furahi! Amekuahidi nini huyo bwana wako?"

"Basil? Alinipa lifti tu, kocha, natoka shamba."

"Na togwa yangu je? Kwa nini uliimwaga?"

Loth akainamisha kichwa. "Nisamehe, kocha. Huonji. Kila mechi unatupa na wewe huonji. Watu wanasema tangu goti lako liharibike, hupendi kuona namba tisa mwingine aking'ara."

Kasimiri alitaka kumfokea. Angeonjaje? Siku ya mechi tumbo lake lilifunga, hata mate hayapiti mpaka filimbi ya mwisho. Alipokuwa mchezaji alifakamia ugali bila wasiwasi. Hofu hiyo ilimwanza alipokuwa kocha. Hapo ndipo alipoikumbuka sahani ya Zenon, siku za mechi, ikirudi jikoni haijaguswa, nao vijana wakimcheka mzee wao kwamba anaringa. Aibu ikamshika.

Kesho yake alikwenda Pito, kijijini kwa mwalimu wake wa zamani. Alimkuta Zenon uani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mwalimu."

Mzee aliweka gunzi chini. "Marahaba, Kasimiri. Goti linasemaje?"

"Linauma kukiwa na baridi."

Zenon akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha togwa. Akakiinua aonje kwanza, kama desturi.

Kasimiri akamshika mkono. "Usionje, mwalimu."

Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa yote.