Kuta za Majaribio

Fondo alingoja chuma cha timazi kiache kuyumba, kisha akapima tena. Juu, uzi uligusa jiwe. Chini, uliachana na ukuta kwa inchi nzima. Ilikuwa mara ya tatu, na mara zote inchi ilikuwa ile ile.

Ukuta wenyewe ulikuwa mdogo, kozi tano tu, safu tano za mawe, mmojawapo wa kuta kumi na mbili zilizojengwa asubuhi ile kwenye kiwanja kitupu cha Muyeye. Jumatatu ingeanza kazi ya shule ya ghorofa mbili, na Fondo, msimamizi, alikuwa akichagua mafundi sita. Aliyenyoosha aliandikwa. Aliyepinda alishukuriwa, akaenda zake.

Huu uliopinda ulikuwa wa Mzee Kiponda, aliyemfundisha Fondo kushika mwiko. Mzee alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Mwaka wa pili huu hakuna aliyemwita kazini; watu walisema macho yake yameingia ukungu. Asubuhi, Fondo alipompa shikamoo, mzee aliukamata mkono wake asiuachie.

"Niandike, mwanangu. Nyumbani nimekuwa kama mkeka, naviringishwa pembeni watu wapite."

Sasa, mbele ya inchi ile, Fondo hakuandika kitu. Labda nimeshika uzi vibaya, alijiambia, ingawa alijua hakushika vibaya. Lori la saruji lilipiga honi langoni, akaenda kulipokea. Mizigo ilichukua karibu saa nzima kushushwa.

Aliporudi alipima mara ya nne. Uzi ulilala sawasawa, toka juu mpaka chini.

Kadii na Mangi, mafundi ambao majina yao yalikwisha kuandikwa, walikuwa kwenye kivuli cha rundo la mawe wakila viazi karai kwa utulivu usio wao. Kadii alikuwa na saruji mbichi mpaka viwikoni.

"Kadii, wewe si ulimaliza saa nne?"

"Nilimaliza, kaka."

"Na saruji hiyo?"

"Natowelea viazi."

Mangi alicheka, kisha akauona uso wa Fondo. "Ametufundisha sote," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe andika tu. Tutamwangalia."

"Kule juu ghorofani, utakuwa ubavuni mwake kila siku?"

Mangi aliinamia viazi vyake.

Mzee Kiponda alirudi akirekebisha kofia yake. "Umeupima, mwanangu?"

"Nimeupima. Umenyooka." Ilikuwa kweli, lakini alisema akitazama mawe.

Mzee alitabasamu, akaupapasa ukuta wake kama mtu anayempapasa mbuzi aliyemfuga mwenyewe. Vidole viliteremka, vikasimama kwenye saruji kati ya mawe. Vikapanda tena. Tabasamu likamtoka.

"Mimi siweki saruji nene hivi. Huu mkono wa Kadii. Miaka kumi namkanya, hasikii." Akamgeukia Fondo. "Ulipinda kiasi gani?"

"Inchi, baba."

"Tulitaka kukustiri, babu," Kadii akasema.

"Kunistiri! Mngeniacha nishindwe mwenyewe. Sasa nimeshindwa, tena nimeshikwa mkono kama mgonjwa anayepelekwa chooni."

Akaanza kuliteremsha jiwe moja moja, akilikwangua na kuliweka kando. Fondo alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Mpaka chini kabisa mzee akafika, akaanza upya, uso ameuinamisha karibu na kamba ya kunyooshea mawe kana kwamba anainusa. Mangi alimsogezea jiwe. Mzee akalisukuma kwa mguu.

Alasiri ilipokwisha na watu wakinawa miguu kwenye pipa, alikuwa na kozi mbili. Kutoka alipokuwa amesimama, bila kupima, Fondo aliona ya pili imekwisha anza kutoka nje.

"Tatu zilizobaki nitamalizia kesho," mzee alisema. "Mtu asiukaribie."

"Hataukaribia, baba."

Mhandisi wa ujenzi wa shule alikuwa ameomba majina sita kabla ya jioni. Fondo alimpigia simu akamwambia ni matano, la sita asubuhi. Kisha akalowesha gunia, akazifunika zile kozi mbili zisikauke kwa haraka, na kumwambia mlinzi asimruhusu mtu yeyote kuzigusa.