Maneno Matano ya Arlene

Chuo chetu kinalipenda sana neno wadau. Mwanafunzi ni mdau, mzazi ni mdau, mwenye baa ya ng'ambo ya barabara naye mdau, na mwaka ule wa mpango mkakati hata meya alikuja kula keki zetu kwa jina hilo. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya mpango. Keki nilizinunua mimi, na wadau niliwatafuta mimi.

Januari, theluji imefika madirishani, Dakta Pruitt, makamu mkuu wa chuo, aliipitia orodha yangu akakunja uso.

"Gail, mbona jikoni hakuna mtu? Watasema tumewatenga. Nitafutie mmoja, anayejua kuongea."

Nikamwendea Arlene Koskela. Alikuwa amewapikia wanafunzi miaka thelathini na moja, yeye na wifi yake Thea wakisimama jiko kwa jiko, na kila asubuhi walikuja kazini kwa gari la Thea.

"Mimi na mikutano wapi na wapi?" akasema, mikono imejaa unga. "Mchukue Thea, yeye ndiye mwenye mdomo."

"Thea atamtukana makamu mkuu."

"Ndiyo raha yenyewe!" Thea akapaza sauti kutoka kwenye masufuria.

"Shoga, njoo tu," nikambembeleza Arlene. "Useme la moyoni. Mwandishi ni mimi."

Akaja, amevaa sweta yake ya kanisani. Mshauri tuliyeletewa kutoka Chicago alituagiza kila wazo liandikwe kwenye kikaratasi kimoja cha kunata, maneno yasizidi sita. Sijui nani alimwambia kwamba mtu akikaa jikoni miaka thelathini na moja anakuwa na maneno sita. Zamu ya Arlene ilipofika, hakupepesa macho.

"Ijumaa tunamwaga viazi sufuria nne. Wanafunzi wameshakwenda makwao, lakini ofisi inatulazimisha tupike vilevile kama Jumatatu. Miaka mitatu tunawaomba mtuachie tupime wenyewe, mnatuona wajinga. Tuachieni jiko letu, muone kama kuna kiazi kitamwagwa."

Meza nzima ikapiga makofi. Nami, kalamu mkononi, nikaandika: "Jikoni wanamwaga chakula kingi mno." Maneno matano. Nilijua fika nimeacha nini nje. Nilijiambia hayo mengine nitayaeleza kwenye ripoti. Kikaratasi kikabandikwa ukutani, na ripoti ikaandikwa Chicago.

Mpango ulitoka Aprili, karatasi nzito inayong'aa. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na picha ya Arlene anacheka, na chini yake maneno yale matano pamoja na jina lake kamili. Halafu ikafuata kwamba, kwa kuwasikiliza wadau wetu, jiko litakabidhiwa kampuni ya nje kuanzia Julai. Wanawake kumi na tisa wa jikoni wangepoteza kazi siku hiyo ikifika, na aliyeonekana kuwachongea ni mwenzao.

Thea hakumgombeza. Aliacha tu kumpitia asubuhi. Arlene akawa anakuja kwa miguu, maili mbili kwenye matope ya theluji, na akiingia jikoni mazungumzo yanakatika.

Siku moja alinifuata ofisini. Hakukaa.

"Wewe ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Kazi imeshakwenda, siililii. Lakini Thea anaamini nimewauza. Alhamisi baraza la chuo linakutana, mlango wazi, na wenzangu wote watakuja. Nitasimama nirudie nilichosema. We useme tu ni kweli. Basi."

"Nitasema," nikamjibu, na wakati ule nilimaanisha.

Alhamisi saa nne asubuhi ukumbi ulijaa. Arlene alisimama akayarudia yote, tangu viazi mpaka mwisho. Mwenyekiti wa baraza akanigeukia.

"Katibu, wewe ndiye uliyeandika. Alisema hivyo?"

Dakta Pruitt alikaa kiti cha pili kutoka changu. Hakunikodolea macho, hakunikanyaga mguu. Laiti angefanya hivyo, leo ningekuwa na wa kumlaumu. Alikuwa akijimiminia maji tu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Juni.

"Kumbukumbu tulizonazo ni kikaratasi," nikasema. "Nacho kinasomeka kama kilivyochapishwa."

Hakuna neno la uongo hapo, na ndiyo maana najichukia zaidi. Thea aliinuka akachukua koti lake, na wanawake wa jikoni wakamfuata mmoja mmoja. Mwenyekiti akamshukuru Arlene kwa mchango wake kama mdau, akaita ajenda inayofuata.

Mkataba wangu uliongezwa. Septemba nilikutana na Arlene nje ya posta, nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza kwa mkono.

"Usiniombe mimi. Mimi najua nilichosema. Thea siku hizi yuko kaunta duka la Lindqvist. Nenda kamwambie yeye."

"Nitakwenda kesho."

Duka la Lindqvist liko mtaa mmoja na nyumba yangu. Huu ni mwaka wa pili, na maziwa na mkate naendesha gari dakika arobaini kwenda kununua mji wa jirani.